Hollerith: Aliyeipa mashine kazi ya karani, na somo lake kwa wakulima wa Kibiti

MSIMU wa korosho unapoanza wilayani Kibiti, mkoani Pwani, mtu muhimu kuliko wote pale ghalani ni karani wa mizani.

Yeye ndiye anayesoma kilo, anayeandika jina la mkulima, daraja la korosho na namba ya akaunti ya benki. Akikosea tarakimu moja tu, fedha za mkulima wa Bungu zinaweza kuingia kwa mtu mwingine au zisiende kokote, na mkulima akabaki kufunga safari za kwenda na kurudi benki hadi msimu mwingine.

Wahenga walishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tatizo la vyama vyetu vya msingi ni la aina nyingine. Daftari lipo, limejaa majina kuanzia jalada hadi jalada, na bado mali inapotea.

Kijana mmoja wa Marekani alikumbana na tatizo kama hilo zaidi ya miaka 140 iliyopita. Jina lake lilikuwa Herman Hollerith. Jibu alilolipata ndilo lililozaa biashara ya kutunza na kuchambua kumbukumbu kwa mashine, ambayo leo tunaiona katika kompyuta za benki, mamlaka za kodi na hata katika simu ya mkononi ya mkulima.

Wakati huu ambapo vyama vingi vya ushirika vinashawishiwa kununua programu za kompyuta, maisha ya mtu huyu yanafaa kusomwa na kila mjumbe wa bodi kabla hajasaini hundi.

Mtoto aliyemkimbia mwalimu

Hollerith alizaliwa Februari 29, 1860, mjini Buffalo katika Jimbo la New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani.

Shuleni alikuwa mzuri katika masomo mengi isipokuwa imla. Inasimuliwa kuwa kila kipindi cha imla kilipofika alitafuta njia ya kutoroka, na siku moja akaruka dirishani. Ikabidi afundishwe nyumbani na mchungaji wa Kilutheri.

Kasoro hiyo haikumzuia kusonga mbele. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 19, alihitimu uhandisi wa migodi katika Chuo cha Columbia, New York. Mmoja wa maprofesa wake, William Trowbridge, alikuwa amepewa jukumu katika sensa ya Marekani ya mwaka 1880, akamchukua kijana wake kwenda kufanya naye kazi Washington.

Huko ndiko alikoona kwa macho yake mateso ya makarani. Taarifa za mamilioni ya watu zilikuwa zimeandikwa katika madodoso, na njia ya kuzijumlisha ilikuwa kupitia mstari mmoja baada ya mwingine huku karani akichora vijiti kwenye karatasi. Akitaka kujua wanaume wangapi, anapitia yote. Akitaka kujua wangapi kati yao ni wakulima, anaanza upya.

Kazi ya sensa hiyo ilichukua zaidi ya miaka 7. Wakati inamalizika, sensa nyingine ilikuwa inabisha hodi, na watu walikuwa wameongezeka.

Aliyempa wazo ni daktari, John Shaw Billings, aliyekuwa akisimamia takwimu za vizazi na vifo. Billings alimdokezea kwamba kazi kama ile ingefaa kufanywa na mashine. Kijana akaling'ang'ania wazo hilo, na daktari hakudai sehemu yoyote ya faida.

Kutoka riboni hadi kadi

Mwaka 1882 Hollerith alikwenda kufundisha uhandisi katika chuo maarufu cha teknolojia cha MIT. Kazi ya ualimu haikumkaa. Mwaka uliofuata alirudi Washington na kuajiriwa katika ofisi inayosajili uvumbuzi, ambako alijifunza jinsi mvumbuzi anavyolinda mali yake kisheria. Mwaka 1884 aliacha ajira na kuwasilisha maombi yake ya kwanza ya hati ya uvumbuzi.

Jaribio lake la mwanzo lilikuwa riboni ndefu ya karatasi yenye matundu. Kila tundu lilibeba taarifa fulani kuhusu mtu. Lakini riboni ilikuwa na kasoro: ukitaka taarifa ya mtu mmoja aliye katikati, lazima uipitishe riboni yote.

Hapa msomaji wa Kibiti asimame kidogo, kwa sababu daftari la chama chake ni riboni ile ile. Makarani huandika kwa mpangilio wa watu wanavyofika mizani. Mkulima anayeleta mzigo mara nne katika msimu anatawanyika katika kurasa nne tofauti, na kuzikusanya kilo zake ni lazima mtu apekue daftari zima. Likiingia maji au likiibwa, wote wamepotea pamoja.

Hollerith aliachana na riboni, akampa kila mtu kadi yake. Inaelezwa kwamba wazo lilimjia akiwa safarini kwa treni, alipomwona kondakta akitoboa tiketi ya abiria ili kuonyesha rangi ya nywele na macho yake, tiketi isije ikatumiwa na mtu mwingine.

Kadi moja, mtu mmoja. Kadi inaweza kutolewa, kupangwa upya, kuwekwa kundi hili leo na kundi jingine kesho, bila kuandika chochote upya. Wataalamu wa leo wa kanzidata, yaani hazina ya kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta, bado wanafanya kazi kwa kanuni hiyo.

Mwaka 1889 Ofisi ya Sensa iliitisha mashindano ya mifumo mitatu kwa kutumia taarifa za wakazi wa sehemu ya mji wa St. Louis. Katika hatua ya kunakili taarifa, mfumo wa Hollerith ulitumia saa 72 na dakika 27, wakati wapinzani wake walitumia zaidi ya saa 100 na zaidi ya saa 144. Katika hatua ya kujumlisha tofauti ilikuwa kubwa zaidi: saa 5 na dakika 28 dhidi ya zaidi ya saa 44 na zaidi ya saa 55.

Tazama vizuri takwimu hizo. Mashine ilikuwa na kasi ya ajabu katika kujumlisha, lakini saa nyingi zilikwenda katika kuingiza taarifa, kazi inayofanywa na mikono ya binadamu. Hali ni hiyo hiyo hadi leo, na mara nyingi muuzaji wa programu hatakwambia.

Kengele iliyokataa makosa

Sensa ya mwaka 1890 ndiyo iliyompa jina. Karani aliweka kadi kwenye mashine na kushusha mkono wenye sindano nyingi. Palipo na tundu sindano ilipita na kuzama katika kikombe kidogo cha zebaki, umeme ukapita, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea. Kadi ikihesabiwa sawasawa, kengele ililia.

Uzuri wa mfumo ulikuwa hapo kwenye kengele. Mashine iliweza kuunganishwa kwa namna ambayo kadi yenye upungufu, kwa mfano isiyoonyesha kama mtu ni mwanamume au mwanamke, haikuliza kengele. Karani aliiweka pembeni, ikarudishwa kulinganishwa na dodoso lake. Kosa lilinaswa siku hiyo hiyo, kabla halijaingia katika jumla.

Hesabu ya awali ya watu ilipatikana ndani ya wiki chache: Wamarekani walikuwa 62,622,250. Badala ya kushangilia, wengi walikasirika. Walitarajia taifa lao liwe na watu wengi zaidi, na magazeti yakailaumu mashine. Lakini mashine ilikuwa imehesabu kile ilichopewa. Kama kulikuwa na watu waliorukwa, walirukwa mlangoni kwao na mtu aliyebeba dodoso.

Nao makarani walikuwa na mbinu zao. Inasimuliwa kwamba waliochoka walifyonza zebaki kutoka vikombeni, mashine ikagoma, fundi akaitwa, wao wakapata nafasi ya kupumzika. Anayedhani kwamba mashine huondoa hila za watu hajakaa ghalani.

Mteja mmoja hatoshi

Hollerith hakuwa akiuza mashine zake, alizikodisha. Ofisi ya Sensa ililipa dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mashine. Sensa ilipokwisha, mashine zilirudi kwake, naye akajikuta na mteja mkubwa anayekuja mara moja kila baada ya miaka 10. Kwa mfanyabiashara mwenye familia changa, maana alioa mwaka huo huo wa 1890, hiyo ilikuwa hatari.

Akageukia reli. Kampuni ya New York Central ilikuwa ikishughulikia mamilioni ya hati za mizigo kila mwaka. Kila hati ilikuwa na uzito, umbali na nauli, na hesabu za kampuni zilichelewa sana. Uongozi ulikuwa ukiendesha biashara ya leo kwa taarifa za zamani.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Sensa ilihitaji kuhesabu vichwa, lakini reli ilihitaji kujumlisha kilo na fedha, na mashine haikuweza vizuri. Hollerith alirudi karakanani, akaiunda upya ili ijumlishe, akaitoa ijaribiwe bila malipo. Safari hii reli ilikubali.

Tukio hili halisimuliwi sana, lakini kwa mchumi ndilo zito kuliko yote. Mashine iliyoshinda mashindano ya serikali ilishindwa katika biashara hadi mwenyewe alipokubali kujifunza jinsi biashara ile inavyokwenda. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya duka la Kariakoo haiwezi kuhamishiwa ghala la korosho la Kibiti kwa kubadilisha nembo tu.

Mwaka 1896 alianzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company. Mwaka 1897 Urusi nayo ilitumia mashine zake katika sensa, na baadaye kampuni za biashara zikafuata.

Ugomvi na serikali

Mafanikio yalimletea kiburi. Hollerith alikuwa mgumu kushauriwa na mkali kwa wateja. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 uongozi mpya wa Ofisi ya Sensa ulilalamika kwamba kodi ya mashine ni kubwa mno. Hakushusha. Mwaka 1905 uhusiano ukavunjika, na Serikali ikaanza kutengeneza mashine zake yenyewe. Mmoja wa mafundi wake, James Powers, baadaye alifungua kampuni iliyoshindana na Hollerith. Alikwenda mahakamani na hakufanikiwa.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Serikali ilikuwa imejenga kazi yake muhimu juu ya mashine ya mtu mmoja bila kufikiri itafanya nini siku watakapokosana. Hollerith naye alisahau kwamba mteja aliyebanwa sana hutafuta mlango mwingine.

Mwaka 1911, afya yake ikiwa si nzuri, aliuza kampuni. Iliunganishwa na nyingine, yeye akapata zaidi ya dola milioni 1. Mwaka 1914 akaingia meneja mwenye kipaji cha biashara, Thomas Watson, na mwaka 1924 kampuni ikapewa jina ambalo dunia inalijua: IBM.

Hollerith alitumia miaka yake ya mwisho akifuga ng'ombe wa maziwa aina ya Guernsey katika shamba lake. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo Novemba 17, 1929, mjini Washington, akiwa na umri wa miaka 69.

Kadi zinafika Tanzania

Urithi wake ulitufikia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Uingereza kampuni iliyokuwa na leseni ya mashine za Hollerith na ile iliyotokana na mshindani wake Powers ziliungana mwaka 1959 na kuwa ICT. Kampuni hiyo ndiyo iliyoleta kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Tulifurahi haraka. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, mahesabu yakaingia matatizo, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini tulikuwa tumepoteza muda wa kujifunza.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta mfano wa kumbukumbu zilizotunzwa vizuri. Mfano upo hapa hapa.

Mwaka 1998, wakati Kibiti ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ulianzishwa mpango wa kufuatilia takwimu za watu na afya, kituo chake kikiwa Ikwiriri. Kila mtu aliyeandikishwa alipewa namba yake ya kudumu. Wahojaji walirudi katika kila kaya mara 3 kwa mwaka wakiandika aliyezaliwa, aliyefariki, aliyehamia na aliyehama. Watu waliofuatiliwa walikuwa zaidi ya 80,000. Taarifa zilipoingizwa kwenye kompyuta na kuonekana hazilingani, zilirudishwa kijijini zikasahihishwe. Hiyo ndiyo kengele ya Hollerith.

Takwimu hizo na nyinginezo za wakati huo ziliwaonyesha viongozi wa afya wa wilaya kwamba fedha zilikuwa haziendi kwenye magonjwa yanayoua zaidi, hasa malaria. Bajeti ikapangwa upya. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Daftari zuri liliokoa watoto.

Kinyume chake tulikiona mwaka 2018. Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo, ilitaka kuwalipa wakulima halisi na kuwaacha walanguzi wa kangomba. Kwa kuwa hapakuwa na daftari la kuaminika la nani ana shamba kubwa kiasi gani, timu za uhakiki zililazimika kwenda mashambani, hasa kwa waliouza zaidi ya kilo 1,500. Malipo yaliburuzwa hadi mwaka 2019, na wapo waliokosa fedha za kupalilia na kununua salfa.

Kibiti ifanye nini

Tangu hapo kuna hatua. Mwaka 2022 Serikali ilianza kuwasajili wakulima katika daftari la kidijitali kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na minada ya mazao nayo inahamia kwenye mtandao. Ni hatua za kupongezwa, lakini zote zinategemea kile kinachoandikwa kijijini.

Mwandishi wa makala haya amewahi kukaa na makarani wa chama kimoja cha msingi wakihamishia daftari kwenye kompyuta ndogo. Kazi iliyodhaniwa ya siku mbili ilichukua wiki mbili. Mohamedi, Mohamed na Muhamadi walionekana watu watatu, kumbe ni mmoja. Salumu Juma alionekana mmoja, kumbe ni wawili, baba mdogo na mtoto wa kaka yake. Akaunti nyingine ilikuwa na tarakimu pungufu. Kompyuta haikugundua lolote kati ya hayo. Aliyegundua ni mzee aliyekuwa ameketi pembeni akisubiri malipo yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kila mkulima kuwa na namba moja ya kudumu, ikiambatana na namba ya kitambulisho cha taifa, ili jina liwe la kumwita tu na si la kumlipia.

La pili ni kusahihisha pale mizani ilipo. Karani amsomee mkulima jina, kilo na akaunti kabla gunia halijaondolewa, na mkulima aondoke na risiti. Kosa linalonaswa mizani hurekebishwa kwa dakika moja. Likifika benki huchukua miezi.

La tatu linawahusu wakazi wa delta. Vijiji kama Mbwera na Salale hufikiwa kwa boti, na mtandao haushiki kila mahali. Mfumo unaodai intaneti kila dakika hautafaa huko. Unahitajika ule unaohifadhi taarifa ndani ya simu na kuzituma boti inapofika Nyamisati, huku nakala ya karatasi ikibaki kijijini.

La nne ni mkataba. Bodi ya chama iulize mapema: tukiachana na fundi huyu, kumbukumbu zetu tutazipata zote, na kwa gharama gani? Taifa kubwa kama Marekani halikuuliza swali hilo mapema, likalazimika kuanza upya.

Vyama vikitimiza hayo, mashine itafanya kwa usiku mmoja kazi ya mwezi mzima, na mkulima atajua kilo zake kabla hajalala. Visipotimiza, itafanya kile ilichofanya tangu mwaka 1890, yaani kujumlisha kwa kasi kubwa chochote ilichopewa, pamoja na makosa yake.

Bodi zinazopanga bajeti za msimu ujao zianze na karani wa mizani: mafunzo yake, posho yake, meza yake na taa ya kumwezesha kusoma tarakimu jioni. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kompyuta, na bila hiyo kompyuta haina cha kuhesabu.